Nilivyoondoa unyevu chini ya mifuko ya maji kwenye boti yetu

Mwenye boti ya kuchezea mawimbi anaijua harufu hii. Unafungua kiti cha nyuma kuchukua kamba, na uvundo unakupokea kabla hujaigusa. Ukibonyeza zulia lililo chini ya mfuko wa maji, linatoa maji kati ya vidole. Juu kila kitu kikavu, viti vinang'aa, na chini kumeoza. Nimehangaika na jambo hili mpaka nimelimaliza, na naandika kwa ajili ya yeyote mwenye boti ya aina hii, awe huku Marekani, Uarabuni au kwingineko, kwa sababu maelezo mengi niliyokutana nayo yanakwambia ununue kitu fulani kabla ya kukuuliza maji yanatoka wapi.

Mimi na shemeji yangu, mume wa dada, tuna boti moja ya mtumba tuliyonunua kwa ubia hapa Minnesota. Inakaa Ziwa Minnetonka, magharibi ya Minneapolis, kuanzia Mei hadi Oktoba. Inaning'inia kwenye jukwaa la kunyanyulia kando ya gati, imefunikwa turubai. Kwa asiyezifahamu, boti hizi hufanya wimbi nyuma yake, na mtu husimama juu ya ubao akalipanda. Wimbi kubwa linataka chombo kizito, kwa hiyo boti hutiwa farumi. Mabaharia wa zamani walipakia mawe au mchanga, hizi hupakia maji ya ziwa lenyewe. Pampu inayavuta hadi ndani ya mifuko ya plastiki nene iliyolazwa kwenye makabati chini ya viti, na mkimaliza mchezo pampu inayarudisha ziwani. Mifuko yetu ya nyuma ni miwili, mmoja kila upande wa injini, na kila mmoja hubeba lita 340. Maana yake ni kilo 340 zimelalia zulia lililogandishwa kwa gundi.

Zulia hilo ni la nyuzi za plastiki, na wauzaji husema haliozi. Ni kweli, nyuzi zenyewe haziozi. Lakini chini ya nyuzi kuna kitambaa cha mgongo na gundi, na juu yake kuna vumbi, jasho la watu, mafuta ya kujikinga na jua, mchanga na majani. Kuvu hula hivyo. Zulia linashika maji tu na kuiwekea kuvu meza.

Kabla ya kutoa hata senti nilitaka kujua maji yanatoka wapi, maana njia ziko nne na kila moja ina dawa yake. Mfuko au viungio vyake vinaweza kuvuja. Mfuko unaweza kutoa jasho kwa nje. Watu wanaweza kurusha taulo, kamba na nguo za kuogelea mbichi juu yake. Na maji ya ngama, yaani yanayokusanyika chini kabisa ya boti, yanaweza kupanda kutoka chini kupitia matundu ya skrubu yaliyotobolewa sakafuni.

Kipimo cha kwanza kilikuwa karatasi ya shashi. Boti ikiwa majini, nilijaza mfuko nikafunga kipande cha shashi kwa lastiki kuzunguka kila kiungio: pale bomba linapoingilia, pale la kupumulia linapotokea, na kwenye vifuniko visivyotumika. Shashi haifichi kitu, tone dogo tu linaacha alama. Upande wa kushoto kiungio cha juu kilikuwa kinalia machozi. Ndani yake mna pete ya mpira, nayo ilikuwa imekakamaa. Niliibadilisha, nikazungusha utepe mweupe wa mafundi bomba kwenye nyuzi za skrubu, nikakaza kwa mkono. Usikaze kwa spana, kwa sababu viungio hivi ni vya plastiki na hupasuka. Anayetaka kufanya kipimo hiki nyumbani boti ikiwa juu ya trela atie ndoo chache tu za maji na asijaze mfuko mzima. Trela imepimwa kubeba boti tupu, na mamia ya kilo za ziada yatakuvunjia kitu.

Kuvuja kuliisha siku hiyo. Zulia liliendelea kuloa.

Kipimo cha pili ndicho kilichonifungua macho. Nilikata kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni, nikakilaza kati ya mfuko na zulia, nikabandika kingo zake kwa utepe. Siku iliyofuata nilinyanyua mfuko taratibu. Maji yakiwa juu ya alumini, yametoka kwa mfuko. Yakiwa chini yake, yametoka sakafuni. Yalikuwa juu, matone madogo yaliyotawanyika sawasawa kila mahali. Hakukuwa na mchirizi wa maji uliotoka kwenye kiungio. Hilo ni jasho.

Ukilifikiria, lazima liwepo. Hewa ya nyuzi joto 30 yenye unyevu wa asilimia 70, hali ya siku zenye fukuto kubwa za kiangazi hapa, huanza kuacha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 24 au chini ya hapo. Maji ya ziwa mwezi Juni bado yapo kwenye nyuzi 20 hivi. Unapojaza mfuko unaweka ukuta wa baridi ndani ya kabati dogo, jirani na injini inayotoa joto, na hewa yenye mvuke mwingi inakuja kuugusa. Mfuko utatoa jasho saa zote mnazocheza. Jasho linateremka ubavuni, linaingia chini, na zulia linalinywa.

Hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo wengi hawaliangalii: mfuko mtupu ni mbaya kuliko uliojaa. Uliojaa una umbo la mto, kingo zake zimeinuka kidogo na hewa inapenya pembeni. Mkishautoa maji unalala bapa kama ulivyo, umegandamana na zulia lililoloa, na hakuna unyevu unaopata njia ya kutoka. Halafu mnafunga kiti, mnavuta turubai juu, mnaenda zenu kazini mpaka Jumamosi. Zile siku za katikati ya wiki ndizo zinazoozesha, mchezo wenyewe hauna lawama.

Kwa hiyo nikafikia uamuzi ambao shemeji hakuupenda mwanzoni: zulia chini ya mifuko liondoke kabisa.

"Shemeji, si sakafu itakwaruza mfuko tukilitoa?" akaniuliza. Hoja yake ilikuwa nzuri. Kiwandani waliliweka kwa sababu hiyo, na pia kupunguza makelele. Lakini kazi ya kulinda mfuko inaweza kufanywa na kitu kisichonywa maji.

Nililikata zulia kwa kisu kufuata ukingo wa kabati, nikaacha lile la sehemu ya miguu, ambalo linabanwa kwa vifungo na kila mtu analitoa kulianika. Lililogandishwa nililing'oa kidogo kidogo kwa kikwangulio. Ni kazi ya kupiga magoti na mgongo unauma, sikufichi. Chini yake sakafu yetu ni ya faiba, nashukuru. Mwenye boti ya zamani yenye plaiwudi ndani ya sakafu achome sehemu kadhaa kwa bisibisi. Ikizama bila kupingwa, ubao umeshaoza, na hiyo ni kazi ya fundi, zulia lisubiri. Nilisugua sakafu kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, nikaisuuza, nikaiacha wazi mpaka ikakauka kabisa. Siki usiichanganye kamwe na jiki. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na ndani ya kabati la boti huna pa kukimbilia. Matundu ya skrubu yaliyokuwa wazi niliyaziba kwa gundi ya kuzibia vyombo vya majini.

Sasa ukumbuke jinsi magunia ya mahindi yanavyopangwa ghalani. Hakuna mwenye akili anayeyalaza juu ya saruji. Yanapanda juu ya vichanja vya mbao ili hewa ipite chini. Mfuko wa maji unataka kichanja chake. Mimi nilitumia vigae vya plastiki laini vyenye matundu, vile vinavyoshikana kingo kwa kingo na kuwekwa kwenye mabafu na kando ya mabwawa ya kuogelea. Vina urefu wa milimita 14 hivi kutoka sakafuni. Vinakatwa kwa mkasi mkubwa, vinafuata kona za kabati, na maji yanayodondoka yanapita chini yake kuelekea tundu la ngama. Hakikisha tundu hilo halizibwi na kigae. Uzito usikutie hofu, kwa sababu kilo 340 zikisambaa kwenye nusu mita ya mraba, kila sentimita ya mraba inabeba gramu 70 tu.

Juu ya vigae niliweka mkeka wa plastiki, huu huu wa majumbani kwetu. Ni mlaini kwa mfuko, haunywi maji, na kila nyumba ya Waswahili ninayoijua huku ina mmoja uliokunjwa nyuma ya mlango. Niliukata vipande vyembamba, nikaunguza kingo kwa moto wa mshumaa ili zisifumuke, nikavipanga kwa kuacha nafasi ya vidole viwili kati yao. Ukiulaza mzima unafunga matundu yote ya vigae na kazi yako inakuwa bure. Shemeji alipouona mkeka ndani ya boti alifurahi sana, na tangu siku hiyo hajalitaja tena zulia.

Vifaa hivyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni desturi, na hii inahitaji familia nzima ikubali. Tukirudi gatini, pampu inaachwa inavuta mpaka mfuko unasinyaa na kushikana. Pampu yetu ni ile inayozunguka pande zote mbili, hivyo inanyonya karibu maji yote. Wenye pampu ya kusukuma tu watabakiwa na lita kadhaa chini ya mfuko, na inabidi waunyanyue upande mmoja yateremke. Kisha nakunja mfuko kati, naufunga kwa kamba ndogo kwenye bawaba ya kiti ili uning'inie badala ya kulala. Vifuniko vya viti vinabaki wazi, kamba na majaketi yanatoka, na boti inapumua walau saa moja kabla ya turubai. Turubai lenyewe nililitia matundu mawili ya hewa yenye kofia, moja omo, yaani mbele, na moja tezi, yaani nyuma, na kulinyanyua kwa mlingoti mdogo wa katikati ili mvua isituame juu.

Watu hupenda kuweka feni. Feni inasaidia sana, lakini boti hizi zinatumia petroli na kabati la nyuma linapakana na injini. Usiweke humo feni ya mezani wala kifaa chochote kinachoweza kutoa cheche. Iwe ile iliyotengenezwa mahsusi kwa sehemu za injini ya boti, isiyopitisha cheche nje, au usiweke kabisa. Zile kopo za chumvi ya kunyonya unyevu sizipendi kiangazi. Boti iliyo wazi ina hewa nyingi mno kwa kopo moja, na likimwagika, maji yake ya chumvi yanakula chuma.

Kuna sababu nyingine ya kukausha mifuko ambayo haihusu harufu. Kome wa milia, viumbe vamizi waliotoka mbali, waligunduliwa Minnetonka mwaka 2010, na watoto wao ni wadogo kiasi kwamba huwaoni kwa macho. Maji yanayobaki kwenye mfuko yanaweza kuwahamisha mpaka ziwa ambalo bado ni salama. Sheria ya Minnesota inataka utoe maji yote kabla ya kuondoka ufukweni na usafiri vizibo vikiwa vimetolewa, na ushauri ni kuacha boti ikauke angalau siku 5 kabla ya kuingia ziwa jingine. Jimbo hili lina maziwa zaidi ya 10,000. Wanetu wanayaogelea, na mimi naliona hili kama deni letu kwa mahali palipotupokea.

Oktoba mifuko inatoka yote, inasuuzwa kwa maji ya bomba, inaanikwa gereji vifuniko wazi, inalala ndani ya nyumba mpaka majira ya kuchipua. Ikibaki kwenye boti, maji yaliyosalia yataganda na kupasua viungio.

Makabati ya nyuma sasa ni makavu. Kilichobaki ni mfuko wa omo, ulio chini ya viti vya mbele. Pale sakafu imeinama kuelekea katikati na haina tundu la kutolea maji, kwa hiyo vigae peke yake havitoshi, jasho linajikusanya kwenye pembe hiyo ya katikati. Kwa sasa nalifuta kwa sifongo kila tukirudi. Fundi mmoja wa gatini ameniambia inawezekana kupitisha mpira mwembamba kutoka pembe ile hadi ngama bila kugusa mbavu za boti, na nimemwomba aje atupimie kabla ya kuishusha majini Mei. Mwenye boti ya umbo kama hili aliyeshafanya hivyo anieleze mpira wake una upana gani, na kama majani hayauzibi.