Kanula za njano: nilivyopanga stoo ya wodi ya watoto

Stoo ya wodi ya watoto inaweza kuwa na kanula (vijibomba vya kuingizia dawa na maji kwenye mshipa) mia tatu, na bado saa nane usiku muuguzi akakimbilia wodi ya jirani kuazima. Zilizojaa ni za kijani (G18) na za waridi (G20), mtoto mchanga anataka ya njano, G24, iliyo nyembamba zaidi (namba ikipanda, kanula inakuwa nyembamba). Kwa hiyo kabla ya kugusa rafu nilibandika karatasi mlangoni, kila anayechukua kitu apige kijiti kwenye saizi yake. Siku 14 zinatosha.

Tuliopitia mafunzo ya 5S (njia ya kupanga mahali pa kazi kwa hatua tano) Tanzania, yaliyoanzia Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007 kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, tunazikariri hatua hizo: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kusafisha hakuna anayeshindwa.

Kwenye kusasambua, yaani kutenga visivyohitajika, kila kisichotumika nilikibandika lebo nyekundu yenye tarehe, sababu na cheo cha anayepaswa kuamua. Usitupe kitu. Mashine ya kunyonya makohozi hata ikifa ni mali ya serikali na ina namba. Haitoki mpaka ifutwe kwenye daftari kwa utaratibu. Orodha ilifika kwa afisa ugavi siku ileile, maana ukichelewa, kona ya lebo nyekundu inageuka stoo ya pili.

Kwenye seti, yaani kupanga vinavyobaki, nilitumia makasha mawili kwa kila kifaa. La mbele likiisha, kadi yake inatundikwa kwenye msumari wa maagizo na la nyuma linasogezwa mbele. Kasha la nyuma liwe na kiasi gani? Chukua matumizi ya siku yenye kazi nyingi, zidisha kwa siku ndefu zaidi za kusubiri, ongeza siku moja ya akiba. Za njano zilikuwa 12 kwa siku. Famasi ikitoa Jumatatu na Alhamisi, kusubiri kurefu ni siku 4. Hivyo 48 na 12, jumla 60. Zinazokaribia kuisha muda hukaa juu.

Kinachoharibu mpango ni akiba za siri kwenye droo. Watu huficha kwa sababu wamewahi kukosa, kwa hiyo kuwafokea hakusaidii. Droo zilijisafisha zenyewe baada ya wiki kadhaa za kasha la nyuma kutokauka.

Kushikilia ni kazi ya kiongozi. Kila asubuhi baada ya ripoti, dakika 10 mbele ya rafu, kwa swali moja: kadi ipi imelala zaidi ya zamu moja, na imekwamishwa na nini? Kama kizuizi kiko famasi, nakipeleka mwenyewe kwa mfamasia. Ukiuliza "nani kazembea?" kesho yake kadi zitakuwa mifukoni mwa sare.

Dawa kama morfini sikuziingiza humu. Hizo zinabaki kwenye kabati la kufuli mbili na daftari lake. Troli ya dharura nayo ina orodha yake, inakaguliwa kila zamu.