Siku chupa 6 za jamu ziliponionyesha ugonjwa wa injini

Ilikuwa Cessna ya injini moja, Lycoming ya silinda 6 isiyo na kabureta. Rubani alitua Arusha akitokea Seronera, kule Serengeti, na kabla hajafungua mkanda akaniambia, "Fundi, inatetemeka nikiipa nguvu zote, halafu inakula mafuta." Wakati wa kuruka, kipimo cha mtiririko wa mafuta kilisoma galoni moja na ushee kwa saa juu ya ilivyozoea.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, na nikaona jibu liko wazi: inakula, basi mchanganyiko wa mafuta na hewa ni mzito, yaani mafuta yamezidi, tuupunguze. Kwenye sevo, kile kifaa kinachopima mafuta kulingana na hewa, kuna kigurudumu kidogo chenye meno, kati ya mkono wa throto, mlango wa hewa ya injini, na vali ya sailensa, yaani ya injini ikinguruma taratibu bila kuongezewa nguvu. Ukikizungusha huku, kifito kinarefuka na mafuta yanaongezeka. Ukikizungusha kule, kinafupika na yanapungua. Nikakipeleka meno 3 upande wa kupunguza. Rubani akaipasha moto injini, akapiga resi. Mtetemo uleule, kipimo kilekile. Aliporudisha throto, injini ikamzimikia hata kabla hajafika maegesho.

Nikamfuata mzee aliyenifundisha kazi. Baada ya shikamoo nikamweleza yote. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, ugonjwa uko juu, dawa umeweka chini. Kile kigurudumu kinatawala nini?"

Sikuwa na jibu. Nilijua kukizungusha, basi. Jioni ile nilikaa na kitabu cha sevo mpaka nikaelewa. Throto ikifunguka, hewa inapita kwa kasi kwenye shingo nyembamba, venturi. Msukumo wa hewa inayoingia unapelekwa upande mmoja wa kiwambo, utando mwembamba unaopinda, na mvuto wa shingoni upande wa pili. Kiwambo hicho kimeunganishwa kwa kifimbo kimoja na kiwambo kingine chenye mafuta pande zote mbili, na mwisho wa kifimbo kuna gololi inayoziba njia ya mafuta. Hewa ikiongezeka, kiwambo kinavuta, gololi inaachia, mafuta yanafuata hewa. Kwenye sailensa mambo ni tofauti. Hewa ni kidogo mno kusukuma kiwambo, kwa hiyo hapo wanaotawala ni springi na ile vali iliyounganishwa na throto. Kigurudumu changu kiligusa sailensa peke yake! Mafuta ya nguvu kubwa huwekwa kwenye karakana yenye mtambo wa kupimia sevo. Sisi wa uwanjani tumeachiwa mawili tu: kasi ya sailensa na mchanganyiko wa sailensa.

Asubuhi nilianza kwa kurudisha nilichoharibu. Injini ikiwa ya moto, kwenye mizunguko kama 650 kwa dakika, unavuta mkono wa mchanganyiko polepole kuelekea kuzima huku macho yako kwenye kipimo cha raundi. Raundi zikipanda kidogo, 25 hadi 50, kisha injini ikafa, mchanganyiko uko sawa. Zikipanda zaidi ya 50, ni mzito. Zikishuka moja kwa moja bila kupanda, ni mwembamba. Zangu zilishuka moja kwa moja. Nikarudisha jino moja, nikaipeleka injini kwenye 2,000 kwa muda mfupi kuisafisha koo, nikapima tena. Jino la pili, nikapima. La tatu, zikapanda kama 40 ndipo injini ikazima. Yaani palepale nilipoikuta. Haikuwahi kuwa na kosa pale.

Sasa ikabaki ile galoni ya ziada. Mzee akaniuliza swali la pili: "Kipimo chenu kinahesabu mafuta, au kinasoma presha?" Kwenye ndege ile kilikuwa kinasoma presha ya kwenye kigawanyio, pale juu ya injini mafuta yanapogawanyika kwenda silinda zote, na uso wake umeandikwa galoni. Nilisimama nikaifikiria ile presha. Mafuta yaleyale yakilazimishwa kupita matundu 6 ambayo moja limebana, presha inapanda, na kipimo kinatangaza mafuta mengi wakati kuna silinda inayonyimwa. Na kunyimwa mafuta kwenye nguvu zote ni hatari, kwa sababu mchanganyiko mzito ndio unaosaidia kuipoza silinda wakati wa kuruka. Kipimo chetu cha joto la moshi kilikuwa kwenye silinda moja tu, na haikuwa yenye shida.

Tukaisukuma ndege nje, mbali na hanga, mtungi wa kuzimia moto karibu, magneto, zile zinazotoa umeme wa cheche, zimezimwa. Nikafungua nozeli zote 6, vile vichwa vyenye tundu dogo la kunyunyizia mafuta, kwenye silinda, nikazirudisha kwenye mirija yake, kila moja ikatazama ndani ya chupa tupu ya jamu. Chupa zote za aina moja. Throto wazi yote, mchanganyiko mzito, pampu ya umeme ikawashwa. Mafuta ya ndege, 100LL, ni ya buluu. Yalipanda taratibu kwenye vioo vile, na nilipozima pampu nikachuchumaa niyatazame usawa wa macho. Chupa 5 zilikuwa kwenye mstari mmoja. Ya silinda namba 5 ilikuwa chini kwa upana wa kidole.

Ndani ya nozeli ile kulikuwa na kipande cheusi cha mpira, kidogo kuliko mbegu ya ufuta. Wiki chache nyuma bomba la mpira kati ya sevo na kigawanyio lilibadilishwa, na filta iko kwenye mlango wa sevo, kabla ya bomba hilo. Kilichodondoka humo hakikuwa na wa kukizuia. Nikaloweka nozeli kwenye asetoni na kuipuliza kwa hewa kinyumenyume. Waya haupitishwi kamwe, maana tundu likikwaruzwa halipimi tena. Bomba nalo tukalitoa na kulisuuza, pamoja na mirija yote.

Tukapima tena kwa chupa: zote 6 sawa. Nikafunga nozeli kwa torki ya kitabu, kitundu cha hewa cha kila moja kikitazama juu ili mafuta yanayobaki yasivuje injini ikizimwa. Rubani akaijaribu kwa nguvu zote akiwa bado chini, kisha akaruka mzunguko mmoja peke yake. Alipotua alinionyesha kidole gumba kupitia dirishani, na nikaenda kuandika kwenye logi buku.