Kumbukumbu ya mradi wangu: kuutafuta ukoo wa askari wa Rejimenti ya 116

Wanangu huweza kuwataja mababu zao wa Tanga vizazi saba kwenda juu bila kushika karatasi. Kwa upande wa mama yao, ambao ni watu wa Kentucky, hesabu ilikuwa ikikomea kwa mtu mmoja aliyezaliwa utumwani, akapigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kisha akazeeka akilima tumbaku. Mwaka jana mama mkwe wangu alinikabidhi picha ya jiwe la kaburi lake, lenye jina na maneno machache yaonyeshayo kuwa alikuwa askari wa Rejimenti ya 116 ya Askari Weusi wa Miguu, akaniomba nitafute wazazi wake na watoto wake wote. Majina ya ukoo siyaandiki hapa kwa kuwa wazao wengi wako hai. Nitamwita Babu, kama tumwitavyo nyumbani.

Niliteleza tangu hatua ya kwanza, na kuteleza huko kulinipotezea miezi minne. Nililichukua jina la kwenye jiwe, nikampata mtu mwenye jina hilo hilo katika rejimenti nyingine, nikaanza kumjengea ukoo. Sensa ya 1870, ambayo ndiyo ya kwanza kuwaorodhesha kwa majina watu waliokuwa watumwa, ilimwonyesha akiishi Tennessee na mke mwingine kabisa, nami nikawa najishawishi kwamba huenda alihamia Kentucky baadaye. Kumbe mtumwa aliyejiandikisha jeshini mara nyingi aliandikwa kwa jina la ukoo la bwana wake, na vita vilipokwisha akachukua jina la baba yake au alilolichagua mwenyewe, kwa hiyo jina la mwaka 1864 na jina la kaburini yanaweza kuwa mawili yasiyofanana hata kidogo.

Kilichonitoa hapo ni faharasa ya kadi za pensheni. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani inazo faharasa mbili: T288 imepangwa kwa majina ya askari, na T289 imepangwa kwa rejimenti na kombania. Nilikaa siku tatu nikipitia kadi za kombania yake moja baada ya nyingine, hadi nikakuta kadi yenye majina mawili ya mtu mmoja: juu jina alilojiandikishia, chini yake jina la jiwe letu. Kadi hiyo ilikuwa na namba mbili za maombi, moja ya askari mwenyewe na nyingine ya mjane wake. Anayeanza kazi kama hii na asimwone mtu wake katika faharasa ya majina, ningemsihi aende kwenye T289 kabla ya kukata tamaa.

Jalada la utumishi jeshini lilikuwa jembamba. Alijiandikisha Camp Nelson, kambi ya jeshi la serikali huko Kentucky, Juni 1864, umri miaka 22, kazi mkulima, na jina la bwana wake limetajwa, kwa sababu sheria ya Februari mwaka huo iliwaahidi mabwana watiifu kwa serikali fidia ya hadi dola 300 kwa kila mtumwa aliyeingia jeshini. Kwa jina hilo nikaenda katika orodha ya watumwa ya sensa ya 1860, ambamo mwenye jina ni bwana, na watu wake ni mistari ya umri, jinsia na rangi tu. Mstari wa sita unasomeka: 18, mwanamume, mweusi. Naamini ndiye, lakini mstari usio na jina haunitoshi kuwa ushahidi, na katika daftari langu nimeuandika kwa penseli.

Jalada la pensheni ndilo lililoufungua ukoo. Nililipa dola 80 kwa kurasa 100 za kwanza, na zilizozidi nikazilipia kando. Ndani yake imo fomu ya mwaka 1898, ambayo ofisi ya pensheni iliwatumia askari wa zamani kuwauliza wamemwoa nani, lini, nani aliyewafungisha ndoa, na watoto walio hai ni nani. Majibu yameandikwa kwa mwandiko mzuri wa mtu mwingine. Chini pana alama ya msalaba ambayo Babu aliichora mwenyewe, mstari mmoja umekatika katikati kana kwamba kalamu iliinuka kabla ya wakati. Watoto ni sita. Mama mkwe aliwajua wanne.

Babu alipofariki, mkewe alipaswa kuthibitisha kuwa alikuwa mke halali ili alipwe pensheni ya mjane, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu, kwa maana ndoa ya watumwa haikutambuliwa na sheria ya Kentucky wala haikuwa na cheti. Mkaguzi wa ofisi ya pensheni alitumwa kuchukua viapo vya majirani na wazee waliokuwa watumwa pamoja nao. Mmoja wao, mwanamke mzee, alieleza kuwa usiku wa ndoa yao yeye ndiye aliyeshika taa, na alipoulizwa alijuaje kuwa bwana harusi hakuwa na mke mwingine, akajibu kuwa alilelewa naye jikoni kwa mama yake bwana harusi, akamtaja mama huyo kwa jina, akaeleza kwamba mama huyo aliuzwa kupelekwa kusini kabla ya vita. Hivyo ndivyo nilivyompata mama yake Babu. Nilimpigia simu mama mkwe usiku ule ule, akaniomba nilirudie lile jina mara tatu.

Kiapo cha mjane mwenyewe nilikisoma kwa uzito zaidi. Alimfuata mumewe Camp Nelson akiwa na mtoto mchanga, na Novemba 1864, Babu akiwa tayari kwenye medani ya Virginia, akafukuzwa kambini pamoja na wake na watoto wa askari wapatao 400, katika baridi kali. Watu 102 kati yao walikufa. Katika nyaraka za mkasa huo kimo kiapo cha askari Joseph Miller wa Rejimenti ya 124, aliyetembea usiku hadi Nicholasville akamkuta mwanawe amekwisha kufa, akarejea kambini, na kesho yake akaenda kumchimbia kaburi kwa mikono yake. Mjane wetu hakueleza kirefu; alisema mtoto wake “hakuuona mwaka mpya”.

Sensa ya 1900 inasema alizaa watoto tisa na sita wako hai. Sita tunao, wa Camp Nelson tunamjua, wamebaki wawili. Kwa kuwa rejimenti haikuvunjwa hadi Januari 1867, natarajia wale wawili walizaliwa baada ya hapo, na nimeanza kusoma orodha za vizazi na vifo za kaunti za miaka ya 1870. Jumanne ijayo nitakwenda pia kwa karani wa kaunti kutazama kitabu ambamo, kwa sheria ya 1866, wanandoa waliokuwa watumwa walitamka ndoa zao. Mama mkwe amesema tutakwenda pamoja.