Wekundu wa leso ya nyanya

Jana nililala saa saba usiku kwa sababu ya leso moja. Ni picha ya zamani ya nyanya yangu, leso yake nyekundu imepauka, nami nilitaka kuurudisha ule wekundu kabla sijaipeleka River Road, Nairobi, kuchapishwa.

Nilianza kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, na zana niliyoizoea, ile ya kifimbo, inayochagua rangi unayoibofya. Shida ni kwamba inashika rangi iliyoshikana tu. Leso ina maua meupe kila mahali, kwa hiyo kila kipande chekundu katikati ya maua kilidai kubofywa peke yake. Nilibofya mpaka kidole kikauma!

Ndipo nikajaribu zana ya kuchagua kwa rangi, Shift na O. Bofyo moja, wekundu wote wa picha nzima ukashikwa. Pamoja na kilemba cha jogoo aliyesimama nyuma ya nyanya, huyo nikamtoa kwenye uteuzi kwa kumzungushia mstari huku nimeshikilia Ctrl.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kiwango cha ulinganifu, yaani rangi iruhusiwe kutofautiana kiasi gani na ile niliyobofya na bado ishikwe. Kwa kawaida huwekwa 15, na hapo mikunjo yenye kivuli iliachwa nje. Kwa 60 ikaanza kula ngozi ya mkono wake. Nilipanda na kushuka taratibu, nikatua kwenye 38, kisha nikalainisha kingo ili rangi nitakayoikoleza isikatike kama imebandikwa.

Nimemtumia mama asubuhi. Amenipigia simu, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Hiyo ndiyo leso yenyewe."