Leo nimeiongoza roketi kwa injini zake tu

Jamani, bado mikono inanitetemeka kwa furaha.

Mnaocheza Spaceflight Simulator, ule mchezo wa kurusha roketi kwenye simu, mnajua: roketi ikiwa nzito, kuigeuza kwa vitufe vya kawaida ni kusubiri mpaka uchoke. Jioni hii nikajaribu njia nyingine. Injini tatu chini: moja katikati, mbili pembeni.

Nikaigusa ya kushoto, ikazimika. Ya kulia ikaendelea kusukuma, na pua ikaanza kulalia kushoto. Ni kama mtumbwi: piga kasia kulia tu, unakwenda kushoto.

Lakini kilichonishika ni hiki.

Nilipoiwasha tena ya kushoto, roketi haikuacha kugeuka! Huko juu hakuna hewa ya kuizuia. Ikabidi niizime ya kulia kidogo, ndipo pua ikatulia. Ule muda mfupi kati ya kidole kugusa na roketi kutii... nimeupenda mno.

Na watu wamewahi kuongoza roketi halisi kwa wazo hilihili. N1, roketi ya Wasovieti ya kwenda Mwezini, ilikuwa na injini 30 chini, na iligeuzwa kwa kupunguza nguvu upande mmoja na kuongeza upande wa pili. Ilirushwa mara 4 kati ya 1969 na 1972, haikufika kwenye obiti (njia ya kuizunguka Dunia) hata mara moja. Wahandisi wale nawaheshimu sana.

Nani mwingine anarusha hivi? Injini za pembeni mnaziweka mbali kiasi gani na katikati? Niambieni, kesho naelekea Mwezini.