Kabla Halijawa Sakramenti

Jumapili nilimsimamia mpwa wangu ubatizo. Padre akauliza, “Je, mnamkataa Shetani?” Tukaitika, “Namkataa.” “Na fahari zake zote?” Hapo sauti ikanikwama, wenzangu wakanitangulia. Maneno haya nayaitikia kila mkesha wa Pasaka tangu utotoni, mdomo ukienda wenyewe.

Wiki nzima nilikuwa na neno moja kichwani: sacramentum. Sisi tumelizoea likiwa limeshavaa kanzu, sakramenti saba za katekisimu. Kumbe Warumi walikuwa nalo kabla ya Kanisa. Askari aliyeandikishwa jeshini alikula kiapo cha utii, na kiapo hicho ndicho sacramentum. Katika kesi zao za zamani pia, wagomvi wawili kila mmoja aliweka fedha. Aliyeshindwa, zake zilikwenda. Fedha hiyo nayo iliitwa hivyohivyo.

Kisha akaja Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, Tunisia ya leo. Mwishoni mwa karne ya 2 aliwaandikia Wakristo waliokuwa gerezani wakingoja kuuawa, akawakumbusha kwamba waliitwa kwenye jeshi la Mungu aliye hai siku ile walipoitikia maneno ya kiapo. Walipoitikia! Barua hiyo imeandikwa Afrika, na mwitikio anaoutaja ni ule wa kwenye kisima cha ubatizo, huu huu ulionikwama kooni.

Wafasiri wa Kilatini wakalitumia neno hilo pia kwa mysterion la Kigiriki, yaani siri. Ndiyo maana katika Efeso 5:32 Vulgata, Biblia ya Kilatini, ina sacramentum, na Biblia yetu inasema, “Siri hiyo ni kubwa.” Nimetafuta neno la Kiswahili la kubeba kiapo na siri kwa pamoja. Yamini ina kiapo tu, fumbo lina siri tu. Nashukuru kwamba tumebaki na sakramenti, ingawa masikioni mwetu kile kiapo kimefifia.

Baada ya maji nikawasha mshumaa wa mtoto kutoka ule wa Pasaka. Nta ikanidondokea kidole gumba, ya moto kweli. Nikauacha mkono palepale, nikijiuliza mimi nimeweka nini pale mbele ya kisima. Mpwa wangu alikuwa ameshalala, nywele zimelowa, kiapo chake kimeliwa kwa kinywa changu.