Siku moja maishani mwangu: kuchunga watu 11 Angkor

Nikisema kazi yangu ni kusindikiza vikundi vya watalii kutoka Dar kwenda Asia, jibu ni lile lile, "we dada unalipwa kula bata." Haya, ngoja niwape siku moja tu ya Siem Reap, Kambodia, mwezi wa nne, kikundi cha watu 11, wengi wastaafu.

Saa 9:30 usiku alamu inalia, Dar ndo kwanza saa tano na nusu ya jana yake, watu hawajazima hata tivii. Napita mlango kwa mlango, shikamoo mzee, shikamoo mama, kosta imefika.

Saa 11 kamili geti la Angkor Wat, lile hekalu kubwa la kale, linafunguliwa. Tiketi ya siku tatu ni dola 62, ina picha ya uso wako, ukiipoteza unanunua nyingine, kwa hiyo zote 11 nimezivaa mimi shingoni kama hirizi. Tunavuka lile handaki la maji, upana wake karibu mita 190, kwa tochi za simu. Hekalu linatazama magharibi, ndo maana jua linachomoza nyuma ya minara yake na watu wanajazana kwenye kibwawa kupiga picha. Nimekuja hapa mara tisa na hilo jua sijaliona bado maana muda wote nimelipa mgongo nahesabu vichwa, tisa, kumi, nani hayupo jamani.

Kuongoza wageni mle ndani ni kazi ya mwenyeji mwenye leseni, mimi kwangu ni kutafsiri. Anaeleza kwa Kiingereza, namwaga Kiswahili. Ukutani upande wa mashariki kuna miungu na mashetani wamechongwa wakivutana kwa nyoka mrefu kama watu wa kuvuta kamba, wanasukasuka bahari ya maziwa. Mzee mmoja akauliza, "Sasa siagi ilitoka?" Nikatafsiri hivyo hivyo, kaka wa watu akacheka mpaka akakaa chini.

Halafu ikaja saa mbili. Pale juu kabisa, wanapaita Bakan, wanaruhusu kama watu 100 tu kwa wakati mmoja, na lazima mabega na magoti yafunikwe. Nilishaandika kwenye grupu la WhatsApp mara tatu. Mama mmoja kaja na gauni la vikamba, juu kajitanda khanga. Mlinzi akatikisa kichwa, khanga hapana, anataka nguo yenye mikono. Mama akasema, "Kijana, hii naingia nayo msibani, naingia nayo kwa wakwe, hekalu gani hili?" Mimi naitoa kwenye Kiswahili naipunguza makali naiweka Kiingereza, mwenyeji wetu anaipunguza tena anaiweka Kikhmer, jibu linarudi njia ile ile, hapana. Foleni nyuma inavimba, Mfaransa mmoja anapumua shingoni mwangu. Mama akaikunjua khanga nzima amwonyeshe mlinzi kwamba ni nguo ya heshima, na maandishi yake nikayaona pale pale: Mtasema mchana usiku mtalala. Mwenyeji akaniuliza imeandikwa nini. Nikasema ni maneno ya baraka, Mungu anisamehe.

Mlinzi hakuwa na kosa, watawa wanasali mle mpaka leo. Mfalme Suryavarman wa Pili alilijenga hekalu hili karne ya 12 kwa ajili ya Vishnu, mungu wa Wahindu, baadaye likawa la Wabudha. Nikavua shati langu la kazi nikabaki na fulana, mama akalivaa, vifungo vikagoma tumboni lakini mabega yamefunikwa. Ngazi zile ni kama kupanda mnazi, katikati akasimama, nikamsukuma kwa bega kama gari bovu. Kufika juu akatazama msitu, akasema, "Ndo hapa tu?" Kisha akakaa kwenye jiwe kimya karibu robo saa, na mimi nikakaa, na hizo ndo dakika pekee nilizokaa siku ile.

Baada ya hapo saa sizijui vizuri. Bayon, hekalu jingine, zile sura kubwa za mawe zinatabasamu kila upande, jua la utosini, watu wa Dar wenyewe wanalalamika joto. Chakula cha mchana samaki wa tui la nazi kwenye jani la mgomba, mtamu kweli, na bado kuna aliyeuliza ugali. Noti ya dola 20 ikakataliwa kwa sababu ina mchaniko mdogo pembeni, huku hawazitaki kabisa, nikambadilishia mimi. Kisha hekalu la Ta Prohm, mizizi ya miti imemwagika juu ya kuta kama uji uliofurika sufuria. Nikawaambia mfalme Jayavarman wa Saba aliliweka wakfu 1186 kwa heshima ya mama yake, yule mama akanigeukia na shati langu mwilini, "Umesikia? Na wewe wako umemjengea nini?" Nikaenda kuhesabu vichwa.

Saa nne usiku nipo kitandani na viatu, ofisi inapiga, kwao ni saa kumi na mbili jioni, mbona hujatuma picha za leo. Nimetuma. Halafu ikaingia voisi ya mama: "Mwanangu, shati nimelifua, nimelianika mbele ya feni. Kesho saa ngapi?"

Saa 11 alfajiri, mama. Mikono mirefu.